Mutaallim

Jumamosi, 3 Oktoba 1970

Nimeandikishwa, ofisi ya kazi ya serikali. Foleni kutoka mlangoni mpaka kwa muuza kahawa — sote wa Unguja, sote na tai, kwenye jua la kukaushia papa. Ndani afisa kijana, Kiarabu mbio mbio. Kazi yangu nini? Karani wa bandarini, miaka kumi na minane. Lakini makarani foleni nzima. Nikajikweza. "Ana mutaallim," nikamwambia — mimi mtaalamu. Akazitazama mvi zangu, akaandika. Hakubisha hata kidogo. Dalili mbaya.

Jumapili, 4 Oktoba

Nimemhadithia dada yangu Kheiria, ninayekaa kwake hapa Matrah. Kaolewa huku Uarabuni miaka ishirini. Akaweka bakuli chini.

"Kaka, mutaallim kwa Waarabu ni anayejifunza. Umejiandikisha mwanafunzi."

Kacheka mpaka kakaa. Nna miaka arobaini na saba.

Jumatano, 7 Oktoba

Ofisini tena. Wataalamu wanapewa barua ya kazi papo hapo. Wanafunzi wangoje skuli ya mafunzo. Nimeonyeshwa skuli yenyewe: kiwanja, na mbuzi wawili. Hao washaanza masomo.

Nirekebishe? Nikisema nilikosea neno, nimekiri Kiarabu sikijui. Na kwenye fomu nimetia: Kiarabu, vizuri sana. Nikanywa maji, nikarudi.

Alkhamisi, 15 Oktoba

Barua ya mke wangu Hamdiya, kutoka Mombasa, kwa mwandiko wa kaka yake. Bila ya mimi kuwa na barua ya kazi, Hamdiya hapati ruhusa ya kuingia nchini. Na Suud, kaka yake, kachoka. Miaka sita mimi nahangaika, Dubai kisha hapa. "Una mume au una posta?" ndivyo anavyomwambia. Ramadhani ikiingia sijapeleka kitu, anataka niandike talaka. Siku kumi na tano zimebaki, labda kumi na sita.

Chini Hamdiya kaongeza kwa mkono wake: fanya hima.

Jumatatu, 19 Oktoba

Kumbe hawana mpiga taipu. Marhoon, karani wao, mtoto wa Malindi ya Unguja ambaye pale ofisini hujifanya Kiswahili hajapata kukisikia, kanifuata kwenye foleni. Mzungu mshauri anataka orodha yote ya walioandikishwa kwa Kiingereza, leo, aitie sahihi. Kiarabu hasomi.

"Mwanafunzi, taipu unaijua?"

"Nnajifunza."

Akafunga mlango. Yeye anasoma Kiarabu, ananitajia kwa Kiswahili, sauti ya chini, mimi napiga. Jina, umri, daraja. Watu sitini na wawili. Wa hamsini na nane. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Thabit bin Sleyum. Huyu tumwandikeje, mwalimu?"

Ikaadhiniwa adhuhuri. Akainuka, akakunja mikono ya kanzu. Anakwenda kutia udhu, akirudi tumalizie. Orodha ya Kiarabu kaichukua.

Naandika haya nyuma ya fomu iliyoharibika. Jina langu nishalipiga, na umri. Mbele yake pana nafasi ya daraja, neno moja. Kwa Kiingereza yote mawili nayajua, na safari hii maana zake nnazo barabara.

Namsikia uani. Kwa sauti ya maji, keshafika miguuni.