Mke Achukuliwe Kwao

Jumatano, 20 Novemba 1996

Naanza upya leo. Mimi Ntwari, mwana wa Protasi, wa Mabawe, darasa la sita na nusu. Nusu kwa sababu mwalimu na mimi hatukuelewana. Mwandiko wangu lakini unaupita wa mwenyekiti wa kijiji, na yeye mwenyewe anajua!

Ninayotaka: kuacha sigara. Kujenga kibanda changu kabla ya masika, nihame chumba ninacholala na mbuzi. Kutomjibu shangazi Adelfina. Hilo la mwisho sijaahidi.

Baba naye ana lake. Jioni kakaa mlangoni, kasema Krismasi hii anataka komunyo. Nilicheka hadi nikakohoa. Baba! Tangu mama afe kwa kuhara damu, ule mwaka wakimbizi walipofurika, huyu mzee alikuwa kama kiti cha kilabuni. Kweli, tangu Nyirabahizi, mkimbizi wa Rwanda, aje kutulimia kibarua na akabaki, hanywi. Usiku anavua viatu kabla ya kulala. Maendeleo.

Ila katekista kasema hakuna komunyo bila ndoa. Kwa hiyo anaoa. "Mwaka mzima mnakula chungu kimoja, leo ndio unaposa?" nikamuuliza. Kanirushia kandambili. Kanikosa.

Jumapili, 24 Novemba

Shangazi kaja baada ya misa, hata maji hakunywa.

— Huyu ni mke gani? Mmemwokota njiani kama kuni! Nani kakupa, Protasi?

Kasema katekista aandike anavyotaka. Mwanamke ambaye kwao hawajanywa pombe yake ni mgeni anayefagia, basi. Na akifa hapa tutamzika kama nani? Sasa Nyirabahizi ana baba yake mdogo kule kambini Benaco, anaitwa Kwizera. Basi arudi kwake. Akae ndani, ajifunike kitenge kama mwali, sisi twende na pombe ya ndizi, mzee yule ainywe na amtoe kwa mdomo wake.

— Shangazi, turubai nalo ni kwao?

— Nyamaza wewe, mla ugali wa bure!

Nilidhani Nyirabahizi atakataa. Alikuwa anachambua maharage. Kaacha mikono ndani ya ungo, kasema polepole: kwa mume wa kwanza, yule aliyeuawa, nilipelekwa, watu wakaimba. Hapa niliingia tu kama kuku wa jirani. Na mimi nataka kuletwa.

Baba kaangalia chini. Mimi nikaenda kuvuta sigara. Kesho naacha.

Jumatano, 4 Desemba

Nimempeleka! Mabawe mpaka Benaco na mwanamke kwenye karia ya baiskeli. Nani mwingine kijiji hiki anaweza? Milimani alishuka, sawa, lakini mteremko wote ni mimi. Mdogo wangu Keza alimng'ang'ania kitenge, analia. Nyirabahizi kamwambia: nikirudi nitakuja nimepakwa mafuta, hutanijua. Keza akalia zaidi. Hataki asimjue.

Mzee Kwizera ni mwembamba, miwani yake ina kioo kimoja. Nikamwamkia, shikamoo mzee.

— Marahaba, mkwe mdogo. Mwambie baba yako asiniletee maji. Nimeonja pombe za Mabawe.

— Za kwetu zinaangusha fahali, mzee!

— Tutaona fahali gani.

Nimempenda. Wamefagia mbele ya hema mpaka udongo unang'aa. Nyirabahizi kaingia, kajifunika, hata kwaheri hakuniambia. Mwali hasemi.

Nilivyorudi nimekuta baba kashazika ndizi shimoni ziive. Kazifunika majani kwa mikono yake, kama mtu anayelaza mtoto.

Jumamosi, 7 Desemba

Redio imesema Wanyarwanda wote warudi kwao kabla mwezi huu haujaisha. Dukani watu walipiga makofi. Mmoja kasema afadhali, miti yetu imeisha, mbuzi wetu wameisha. Mimi nikasema na nani atanunua kuni zangu? Wakacheka. Na mimi nikacheka — halafu nikamkumbuka Nyirabahizi.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Baba, twende sasa hivi, baiskeli hii hapa.

Shangazi kasimama mlangoni. Mikono mitupu? Mnakwenda kuoa au mnakwenda kuiba? Mkimchukua sasa hamtamwoa tena maisha, kila mtu atajua mlimtoa kambini kama gunia.

Baba kashika jembe. Kaenda kufukua shimo. Mvua imepoza udongo, ndizi ngumu kama mawe. Kabonyeza moja, kabonyeza nyingine. Kafukia.

— Mwisho wa mwezi bado. Zitaiva.

— Baba!

— Ntwari, kila kitu nimefanya nusu. Mama yako nilimpeleka hospitali nusu ya njia, nikaona kapata nafuu, nikarudi naye. Hiki sifanyi nusu.

Sikuwa najua hiyo habari ya mama.

Jumanne, 10 Desemba

Tumekanda leo. Ndizi laini, na majani, mikono mpaka kwenye viwiko. Shangazi anaamuru kama mkuu wa mkoa. Keza kasaga mtama uliokaangwa, kasaga kidogo, kala sana. Juisi imeingia kwenye mtumbwi wa pombe, tumefunika majani ya migomba juu. Isipotulia haitaiva. Nimeinamisha sikio, inachemka yenyewe ndani. Ijumaa, kasema shangazi. Si kabla.

Jirani katoka kule Kasulo, karibu na kambi. Kasema kambini watu wanafunga mizigo, lakini si ya kwenda kwao. Wanataka kukimbilia ndani, upande wa Biharamulo, porini huko. Wanaogopa.

Jumatano, 11 Desemba

Nimekwenda kwa siri. Baba anadhani nilikuwa shamba.

Mahema mengine yameshavuliwa turubai, yamebaki miti kama mbavu. La Kwizera lipo, pamefagiliwa bado. Nikaingia bila hodi. Nyirabahizi kakaa kwenye mkeka na kitenge kichwani. Nikamwambia mama mdogo, panda karia, twende. Kanitazama kwa jicho moja toka ndani ya kitenge.

— Baba yako kakutuma?

Nikasema ndiyo. Mimi ni mwongo mzuri, watu wengi wanajua. Lakini kaniuliza tena, na pombe iko wapi?

Kwizera kasema yeye hana ng'ombe, hana nyumba, kaka yake kafa, kitu kilichobaki mkononi mwake ni kumtoa huyu mtoto wa kaka yake vizuri. Kijana, unataka nimpitishe dirishani?

— Mzee, hema halina dirisha!

Hakucheka. Nyirabahizi kasema: Ijumaa si mbali, Ntwari. Mwambie Keza nakuja.

Nimerudi mteremko wote bila kukanyaga pedali, na sikufurahi.

Ijumaa, 13 Desemba

Pombe imeiva. Kali, tamu, ya kuangusha fahali kweli. Baba kavaa koti la harusi ya kwanza. Jerikeni mbili kwenye karia, tukaisukuma baiskeli njia nzima.

Kambi haina watu.

Moshi tu, na kandambili, na mbwa. Nilimwonyesha baba mahali penyewe. Turubai limekwenda. Udongo uliofagiliwa upo, nyayo nyingi juu yake. Mlinzi mmoja wa ghala kasema waliondoka jana wote, kama maji yaliyomwagwa, kuelekea mashariki. Wanajeshi wamewazuia mbele huko, watarudishwa. Watapita njiapanda hapa, waende Rusumo, wavuke daraja waingie Rwanda.

— Basi tutawaona wakipita, kasema baba.

Kaketi juu ya jerikeni. Koti kakunja mapajani lisichafuke.

Jumapili, 15 Desemba

Wanapita. Tangu jana. Sikujua dunia ina watu wengi hivi. Unasikia miguu tu, na watoto wanakohoa.

Mimi natazama upande wa kushoto, baba wa kulia. Kila kitenge cha njano kama cha Nyirabahizi anasimama. Nimemwomba tuonje pombe kidogo, tuna kiu. Kasema haijafunguliwa na mwenyewe, mzee Kwizera. Yeye, aliyekuwa anakunywa mpaka mashapo ya watu!

Jumatatu, 16 Desemba

Tumewapata.

Nilimwona Kwizera kwanza, na kile kioo kimoja. Kabeba godoro. Nyirabahizi nyuma yake, mguu mmoja hauna kiatu, kitenge bado kichwani. Watu wote wana mizigo kichwani, yeye mzigo kaushika mkononi ili asijifunue.

Baba kaingia katikati yao na jerikeni. Mwanajeshi kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, kamwambia mzee, toka kwenye mstari.

— Huyu ni mke wangu.

— Cheti kiko wapi?

— Nimeleta pombe.

Watu walicheka. Watu wanaorudishwa, na vumbi mpaka kwenye kope, walicheka! Hata mwanajeshi. Mimi nilitaka kumpiga mtu, sikujua nani.

Kwizera kaweka godoro chini. Kasema fungua. Hakuna kikombe, kanywa kwa kifuniko cha jerikeni, kapangusa mdomo, kapiga makofi mawili. Kasema kwa lugha yao, mimi naisikia yote, si mbali na yetu: Protasi, nimekupa. Kwenu ni kwake. Halafu kabeba godoro lake, kaenda. Mstari ulikuwa unamsukuma.

Mwanajeshi kasema hayo mimi siwezi kuamua, nendeni kwa mkubwa wangu, yuko mbele kwenye kizuizi, mkamweleze. Hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka.

Baba kanipa koti. Kasema usiache baiskeli, usiache pombe, tunarudi. Kachukua mzigo wa Nyirabahizi, kaubeba yeye kichwani. Baba! Sijawahi kuona mwanaume wa Mabawe anabeba mzigo wa mke kichwani. Wakaenda, yeye mbele, mwali nyuma.

Hawajafika mbali, mwanajeshi mwingine, yule hakusikia lolote, kamwona mtu na mzigo kichwani, kamsogeza katikati kwa fimbo. Songa, songa! Nilimsikia baba akipiga kelele: mimi ni wa Mabawe! Lakini toka asubuhi kila mtu hapa anapiga kelele ni wa mahali fulani.

Nimepanda juu ya karia nione. Naona mizigo tu.

Jua limeshuka upande wa Rusumo, na hawajarudi. Naandika nimekaa juu ya jerikeni. Koti nimelivaa, baridi. Mwanajeshi mwingine tena kaja kuniuliza na wewe ni wa wapi. Nimemjibu wa Mabawe, kwa Kiswahili cha shule, taratibu, neno moja moja, bila utani. Kaniangalia koti. Kaangalia jerikeni. Kasema nisiondoke hapa. Kaenda kumwita mwenzake.