Majina Yanayofikiwa kwa Mkono

Mjukuu wangu Anjela,

Marahaba. Huku Katandala baridi imeanza kuuma. Mke mwenzio, bibi yako, anapepeta ulezi na kukuulizia.

Umeniuliza, katika lile bango la ukutani la kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani unalolitengeneza kwenye kompyuta, majina uyaweke wapi. Nikiwa karani mpya katika ofisi ya jeshi, mwoga wa kila mkubwa, niliwahi kuchora ubao kama huo kwa rangi na brashi. Kwa heshima, niliupigilia juu kabisa ya mlango wa ofisi.

Asubuhi ya kumbukumbu akaja mama mmoja kutoka Milepa. Nikamsomea jina la mwanawe. Akanyoosha mkono, usifike.

"Karani, mbona mmempandisha huko? Mimi mfupi hivi, nitamgusaje?"

Nikachukua ngazi. Mlinzi akanicheka: "Ushushe tu! Kapteni akifika, kesho uko kwenu unapalilia mahindi."

Niliushusha hivyo hivyo, nikauegemeza ukutani. Mama akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya jina.

Kapteni akafika. Nikaanza kuomba radhi. Alivua kofia, akachuchumaa kando ya yule mama.

"Wako ni yupi, mama?"

Ubao ule haukurudi juu tena. Basi kabla hujayapanga majina hayo, simama mbele ya ukuta unyooshe mkono. Kisha kumbuka kwamba umemzidi bibi yako kimo, uyashushe kidogo.

Ni mimi babu yako, ambaye bado anaogopa wakubwa.