Maneno Uliyoandika Chini ya Video ya Kitinda

Chumba cha juu,
Karakana ya Friji,
Mkabala na kiwanda cha mikate.
Jumapili, 15 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Baba aliniambia baridi ya huko imekuandama hadi unalala na soksi mbili mbili. Na kikohozi je, kimeachia? Na dada yangu, binti yako, mitihani ameimaliza salama? Sisi huku hatujambo. Mama mgongo unamsumbua kidogo, lakini ulimi wake ni mzima kabisa, anamfokea kila mtu kama kawaida yake.

Mimi, Shangazi, nimeolewa! Najua unajua, ulikuwepo kwenye simu siku ile, lakini mimi kila asubuhi nikiamka habari hiyo naisikia upya. Mume wangu ananukia sabuni na vumbi la chuma, na mimi sasa naona hakuna manukato yanayofikia hapo. Jioni nasikia buti zake kwenye ngazi, moyo unatangulia kumfungulia mlango. Juzi alichana boksi la vipuri akaniandikia: "Friji zote za mtaa huu nimezipoza, moyo wangu peke yake umenishinda." Karatasi hiyo nimeibandika ukutani juu ya kitanda. Mama alipoiona alisema, "Haya, ngojeni bei ya mkaa ipande tuone kama mtaandikiana." Mwache aseme.

Ningeweza kuijaza barua hii yote kwa sifa zake, na nilipanga iwe hivyo. Lakini nina hasira, Shangazi, na nina hasira na wewe. Simu nimeiogopa. Ningekufokea, ungekata, na mimi ningebaki nimekukosea adabu bila kufikisha nilichotaka. Karatasi haikatwi. Rafiki wa mume wangu anasafiri kesho kuja huko, atakukabidhi mkononi.

Nimeona ulichoandika chini ya video ya yule mtoto wa studio. "Kuzaa si sifa, hata panya anazaa. Watoto hao wachukuliwe na serikali." Pembeni ipo picha yako ndogo, ile ya kilemba cha kijani. Yule mtoto ni shemeji yangu. Yule "panya" ni mama mkwe wangu, mkwe wako wewe. Nadhani hukujua. Tena naomba Mungu iwe hukujua. Lakini kuwa hukujua hakunipunguzii hasira, kunaiongeza. Kumbe mtu usiyemjua ndiye wa kutukanwa bila kuuliza?

Basi ngoja nikueleze mimi, maana walioandika ni maelfu na hakuna hata mmoja aliyeuliza ilikuwaje.

Mume wangu ni wa tatu kati ya watoto kumi na wanne. Baba mkwe ni fundi bomba, na siku za ibada ndiye anayesoma maandiko. Mama mkwe anashona sare za shule pale pale sebuleni, cherehani iko kati ya meza ya chakula na mlango. Kwao hakuna televisheni. Sala ni kabla jua halijatoka, wanawake vichwa vimefunikwa, na habari za kuzuia uzazi hazitajwi. Mtoto ni majaliwa, basi. Mtaani nyumba yao inaitwa Bwenini.

Katika nyumba hiyo kuna kitu kinaitwa mkono. Kila aliyekua ana mdogo wake mmoja wa kumwangalia: kumwogesha, kumvisha, kumshika barabarani. Huyo ndiye mkono wake. Wakitaka kutoka, mama mkwe anasimama mlangoni na kumwuliza kila mkubwa, "Mkono wako uko wapi?" Naye ananyanyua mkono wa mdogo wake juu anajibu, "Huu hapa!" Hakuna anayevuka kizingiti mpaka wote wajibu. Mara ya kwanza kuwaona nilicheka hadi machozi, kisha nikatamani na mimi niulizwe. Na mtu akioa au akiolewa, anamkabidhi mkono wake kwa anayemfuata.

Mkono wa mume wangu alikuwa Kitindamimba, Kitinda tunamwita, ana miaka minne. Alitakiwa amkabidhi kwa wifi yangu jioni ya harusi, nyumbani, mbele ya wote.

Tulipotoka kwenye ibada tulikwenda studio kupiga picha ya familia. Unaikumbuka picha ile, nilikutumia: wote kwenye kitambaa kimoja cha bluu, mama mkwe kakishona mwenyewe, na nyuma yetu maporomoko ya maji ya kuchora. Tulipomaliza, watu wakaanza kutoka kwenda kwenye magari. Mama mkwe akasimama mlangoni mwa studio kama kawaida yake. Ilipofika zamu ya mume wangu akamwuliza, "Mkono wako uko wapi?"

Akanyanyua mkono wangu mimi. "Huu hapa!"

Shangazi, studio nzima ililipuka. Vigelegele, makofi, baba mkwe alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nilitaka ardhi inimeze kwa raha. Sijawahi kupendwa mbele ya watu namna ile, na sidhani kama wewe umewahi. Tukatoka na kelele zetu, tukaingia magarini.

Kitinda alikuwa amelala nyuma ya yale maporomoko ya kuchora.

Tulifika nyumbani, wifi akasema, "Kaka, nipe mkono wangu basi." Mume wangu akageuka kijivu. Alikimbia na suti yake ya harusi hadi studio, viatu vipya mkononi. Alimkuta Kitinda juu ya kigoda anakula biskuti, hana hata chozi. Lakini mpiga picha alikuwa keshamchukua video. Anamwuliza, "Nyumbani mko wangapi?" Mtoto anajibu, "Wengi." "Na mama yuko wapi?" "Ameenda na wengine." Basi. Akairusha mtandaoni na maneno yake: "Wamezaa mpaka wamepoteza hesabu."

Huo ndio uzembe uliotaka serikali iuadhibu. Bwana harusi alilewa furaha. Lawama ni yake, tena anasema mwenyewe kwa kila mtu anayesimama kumsikiliza. Hakuna anayeitaka lawama yake. Wanamtaka mama.

Na walivyomla, Shangazi! Wapo waliosema afungwe kizazi kama ng'ombe. Wapo waliosema mwanamume mwenye dini kali hana starehe nyingine. Daktari mmoja, au anajiita daktari, aliandika darasa zima juu ya tumbo la mtu ambaye hajawahi kumwona. Na wapo waliosifu, ambao nao wananiudhi vilevile. "Shujaa wa imani!" "Wanawake wa leo waige!" Kwenye ibada mzee mmoja alimsimamisha mama mkwe ili wanawake wasiojaliwa watoto wamtazame. Huyo naye ningempiga na kiti. Kwa wale yeye ni panya, kwa hawa ni bendera. Hakuna anayemwona mtu.

Mimi nipo kaunta ya mikate, na yote yananipitia. Mteja mmoja wa kila siku, mwalimu mzima, alichukua mikate yake akaniambia, "Wewe bibi harusi, ukianza kuzaa si utanunua kiwanda chote?" Bosi wangu akadakia, "Mwambie mama mkwe wako tutampa bei ya jumla!" Wakacheka. Nikaibwaga trei sakafuni, mikate ikatawanyika. Nikamwambia bosi, "Na hii nayo nimeipoteza hesabu." Nimepewa onyo. Nikikasirika tena itabidi nitafute kazi nyingine, lakini sikujuta.

Shuleni shemeji zangu wadogo wanaitwa Wengi. "Wengi njoo, Wengi kaa chini." Mwalimu naye ameita hivyo, sijui kwa bahati mbaya au kwa makusudi.

Usidhani nimepumbazwa na mapenzi hadi sioni. Naona. Wifi mkubwa alikatishwa shule miaka miwili kwa sababu ya kulea, na hilo nimemwambia baba mkwe usoni, nikiwa bado na rangi ya kucha ya harusi. Akaniambia, "Binti, hilo linaniuma hata mimi." Na mimi na mume wangu tumeshakaa tukazungumza. Watoto wetu tumepanga wawe wawili, na mlango umefungwa. Wakwe nao wanajua hivyo na hawajaninunia. Kwa hiyo sitetei kumi na wanne. Namtetea mama mmoja.

Alhamisi alikuja dada wa ustawi wa jamii. Alitazama vitanda, akafunua sufuria, akawapima wadogo uzito. Halafu akamwuliza mama mkwe, "Mama, ilikuwaje ukamsahau mtoto?" Mama mkwe, mtu anayeweza kunyamazisha nyumba nzima kwa jicho moja, alitazama sakafu kama mwizi. Mume wangu akaruka, "Ni mimi! Nilinyanyua mkono wa mke wangu!" Yule dada akamtazama, akatabasamu kidogo, akasema, "Kaka, mimi naona watoto wamelishwa na wana afya. Lakini simu zinapigwa ofisini kila siku, nyingine zinatoka ng'ambo. Itabidi nirudi."

Ng'ambo, Shangazi. Sikuulizi kama ulipiga. Naogopa jibu.

Tangu siku hiyo mama mkwe hatoki kwa mlango wa mbele. Sare za shule anatuma watu wazipeleke. Na lile swali lake mlangoni halisikiki tena. Watu wanatoka kimyakimya kama wapangaji. Juzi ametangaza kwamba shule zikifungwa mwisho wa mwezi, Kitinda na yule anayemfuata kwa juu watapelekwa kwa bibi yao, mama yake, kukaa huko mpaka watu wasahau. Anasema yule dada akirudi akute watoto wachache. Baba mkwe amembembeleza, mume wangu amepiga magoti. Hataki. Anasema, "Afadhali niwatoe mwenyewe kuliko watolewe." Bibi yao ni mzee, haoni vizuri, na ni mbali hata kwa gari. Kitinda amemwuliza mume wangu kama anapelekwa kwa sababu alilala studio. Mume wangu alirudi huku juu akalia kifuani kwangu. Ndoa yangu haijamaliza hata mwezi, na hayo ndiyo machozi ya kwanza ya mume wangu niliyoyafuta.

Wifi ndiye aliyekuwa akimsomea mama yake yale maandishi, hadi nilipomnyang'anya simu. Alikuwa ameshafika kwenye maneno yako. Mama mkwe aliitazama sana ile picha ya kilemba cha kijani. Hakutukana, hakuuliza kwa nini. Alisema tu, "Huyu si yule aliyetupigia vigelegele kwenye simu? Nilimpenda huyu."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Shangazi, mimi nilikuwa mdogo lakini si kipofu. Ulipomzaa dada yangu, kisha asije mwingine, nilikuwa chini ya meza ya jikoni kwetu siku uliyokuja kulia kwa mama. Walisema una tumbo bahili. Walisema umekula kitu ujanani. Mawifi zako walikuhesabia miezi kama wenye nyumba. Mama alikushika kichwa akakwambia, "Tumbo ni lako, midomo ni yao." Leo wewe, wewe katika watu wote, ndiye unayemwita mtu panya kwa sababu tumbo lake lilikuwa karimu. Ulitoka kwenye ule moto, ukaenda mbali, ukapata simu nzuri, ukarudi kuuchochea.

Sitaki uniombe radhi mimi. Mimi nitakusamehe tu, unajua nilivyo, nitakasirika wiki mbili kisha nitakukumbuka. Na usifute yale maneno kimyakimya ukadhani yamekwisha. Nataka umpigie. Wewe ni mtu mzima mwenzake, tena mkwe wake, na wewe unajua kusemwa kunavyouma kuliko yeyote katika ukoo wetu. Mwambie hata hilo la jikoni kama utaweza. Sisi wote tumemwambia asiwapeleke watoto na hasikii, kwa sababu sisi tunampenda, na anaona tunamwonea huruma. Anahitaji kulisikia kwa mmoja wa waliomsema.

Namba asizozijua hapokei tena, wanampigia kumtukana. Kwa hiyo piga kwangu, jioni, saa yoyote nikiwa nimetoka kazini. Nitashuka hadi kwao, nitampa simu, nitawatoa watu wote sebuleni na kuuvuta mlango. Mtakayozungumza ni yenu. Lakini piga kabla shule hazijafungwa.

Msalimie sana dada yangu, mwambie picha zake za harusi nimemwekea. Mjomba wako wa duka la rangi anakusalimu, na Baba, na Mama pia, ingawa Mama hajui kama na wewe uliandika, na ninaomba asijue. Mume wangu anakupa shikamoo. Nilimsomea barua hii akaniambia nipunguze makali, nikakataa, akanibusu, lakini makali nimeyaacha.

Mungu akuponye goti, akukinge na baridi ya huko, na aulainishe ulimi wako siku ile utakayopiga.

Ni mimi wako nikupendaye, hata leo nikiwa nimekukasirikia,

Bibi harusi wako.