Kitanda cha Mtoto Kwenye Gemu

Jumapili, saa tisa alasiri. Jua la Tabora leo halina huruma. Mawingu yamejikusanya upande wa Igalula tangu asubuhi, yanatutazama tu, hayaji. Nimetoka kanisani, nimevua viatu na kukaa sakafuni, maana ndiko kwenye ubaridi kidogo. Sijisikii vizuri. Siyo mwili, ni moyo.

Nilipanga wiki hii niandike maoni yangu kuhusu magemu ninayocheza kwenye simu. Kuna msomaji aliuliza mtu mzima kama mimi, fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo, anapata wapi muda wa kucheza. Ninaupata umeme ukikatika na cherehani ikanyamaza. Niyataje basi, halafu niseme kinachonisumbua.

Gemu la mpira silijui, ila nalipenda. Nachagua timu kwa uzuri wa jezi, nafungwa saba, naanza upya. La magari nimelifuta. Kila kona naingia ukutani, na nilikwishachoka kudhalilika mbele ya simu yangu mwenyewe.

La shamba linanichekesha. Unapanda mahindi, unahesabu mpaka sitini, unavuna. Hakuna palizi, hakuna viwavi, hakuna kukodolea macho mawingu. Aliyelitengeneza hajawahi kushika jembe huku Uyui. Lakini nalicheza, na nikivuna nafurahi kama mjinga.

La kupanga pipi ndilo lililonitawala. Ukishindwa mara tano linakwambia uhai umekwisha, subiri nusu saa au umwombe rafiki akupe wake. Zamani mimi na Kulwa tulikuwa tunaombana uhai kutwa nzima, huku tunatukanana kwa kucheka.

Kulwa ni pacha wangu. Yeye alitangulia kuzaliwa, nikafuata mimi, Doto. Ameolewa Bukene, mumewe ananunua na kuuza mpunga. Mwezi wa tatu alijifungua mtoto wa kiume, akaishi siku mbili. Tangu hapo hajaniomba uhai tena, na mimi sijathubutu kumwomba.

Ndiyo maana gemu la bunduki sitaki hata kuliona. Mtu anapigwa risasi, anahesabiwa sekunde tano, anafufuka na kuendelea kukimbia. Nililicheza mara moja mwezi wa nne, nikalia mpaka fundi mwenzangu akadhani nimejichoma sindano.

Limebaki gemu la nyumba. Hilo tunalicheza wote wawili kwa akaunti moja. Tuliifungua enzi tukiwa na simu moja, na hata baada ya kila mtu kupata yake hatukuona sababu ya kutengana. Tulilelewa hivyo, sahani moja, sanduku moja la nguo. Kwa hiyo anachojenga Kulwa akiwa Bukene mimi nakikuta Tabora, na ninachonunua mimi yeye anakikuta. Nadhani ni gemu zuri kuliko yote. Halina kushinda wala kushindwa, unapanga viti na kupaka rangi tu. Ndani wanakaa wanawake wawili, na majina yao unayajua bila kuambiwa.

Sasa niseme.

Nina mimba ya miezi mitano, na Kulwa sijamwambia. Mama, ambaye ninakaa naye hapa nyumbani, ndiye aliyesema ninyamaze. "Kidonda cha mwenzio hakijakauka," alisema. "Ukimwambia sasa utamtonesha." Niliona ni busara, na kusema ukweli nilishukuru kupata wa kumsingizia. Kila Jumapili tunaongea kwa simu, yeye ananieleza bei ya mpunga, mimi namweleza wateja wasumbufu. Akitaka tuonane kwa video nasema kamera imeharibika. Kamera ni nzima.

Alhamisi umeme ulikatika. Nikaingia kwenye nyumba yetu, nikaenda chumba cha nyuma kisicho na kitu, nikaweka kitanda cha mtoto. Nilitaka kukiona tu, dakika moja, halafu nikiondoe. Mteja akaingia na sketi ya shule ya kupunguza kiuno. Nikaweka simu chini, nikasahau. Miaka yote natumia akaunti ya watu wawili, na siku hiyo nikasahau kuwa tuko wawili.

Jana nimeingia tena. Kitanda kipo palepale, kimetandikwa shuka la njano.

Mimi sikutandika shuka.

Nililitazama shuka lile mpaka kioo kikazima. Sikujua ametandika akimfikiria mtoto wangu au wa kwake. Sikujua kama amefurahi au amekasirika. Nilitafuta namba yake mara tatu, mara tatu nikaishia kwenye pipi, mpaka uhai ukaniishia.

Leo baada ya ibada nimempigia. Hakusubiri hata salamu.

"Miezi mingapi?"

"Mitano."

"Mama anajua?"

"Anajua. Tuliogopa kukuumiza, Kulwa."

Nilisikia kuku wakifukuzwa upande wake. Kisha akasema taratibu, bila kupaza sauti, na afadhali angepaza:

"Mimi nilifiwa na mtoto, Doto. Wewe ulikwenda wapi?"

Nilisema pole, neno lilelile aliloambiwa na kila mtu mwezi wa tatu. Akasema mpunga uko juani, anakwenda kuugeuza. Simu ikakatika. Mama akauliza mwenzangu anasemaje, nikamjibu anatusalimia. Yaani hata sasa bado nadanganya.

Najilaumu, halafu nashindwa kujua ningefanya nini. Ningemwambia mapema ningemuumiza. Nimenyamaza nimemuumiza zaidi. Tangu simu ilipokatika mtoto huyu anacheza tumboni kwa furaha zake, hana habari, na mimi naona aibu kufurahi naye.

Nataka kupanda treni niende Bukene nikamkumbatie dada yangu. Lakini tumbo hili siwezi kuliacha nyumbani, na tukikumbatiana ndilo litakalotangulia kumgusa.