Kwa Mama Mkwe Aliyenilindia Masomo ya Posta

Mpendwa mama mkwe,

Neno hilo "mpendwa" lingekushangaza. Mimi na wewe hatukuwahi kuitana hivyo. Mimi Mbukusu, wewe Mkamba wa Kitui, na siku Mutua aliponileta kwako uliniangalia, ukamwuliza kwa Kikamba jambo ambalo mpaka leo amekataa kunitafsiria.

Nakuandikia kuhusu ule mwaka ulipokuja kwetu Makadara, miaka ya tisini. Nilikuwa nasomea misingi ya uhasibu kwa posta. Chuo kilinitumia masomo kwa bahasha, nayajibu, nayarudisha, na mwalimu nisiyemjua anayasahihisha kwa wino mwekundu. Hakukuwa na darasa wala kengele. Kila mtu na mwendo wake. Wangu ulikuwa wa kinyonga. Binti yetu Mwende alikuwa anaanza kutembea, na kila nilipokaa chini alikuwa juu ya karatasi zangu. Nilikwama kwenye urari, ile hesabu ambayo pande mbili lazima zilingane. Zangu zilikataa kulingana tangu mvua za masika mpaka baridi ya Julai.

Mutua alinichoka. Alirudi kutoka Industrial Area, alikoendesha lori la kiwanda, akakuta sufuria haijabandikwa. Akakuita uje unikanye.

Ulifika na kuku kwapani. Ulikula kwanza, kisha mwanao akaanza.

"Mama, nyumba hii haina mke. Ina mwanafunzi."

"Anasomea nini?" uliuliza.

"Hesabu za watu. Na hata kazi hana."

Nilikuwa nimesimama karibu na jiko, nimembeba Mwende. Ungesema niache, ningeacha. Sikuwa na nguvu za kushindana na watu wawili.

Ulifuta mikono yako kwa leso, taratibu. "Baba yako alinikataza gumbaru," ulimwambia. "Wenzangu walienda kufundishwa kusoma, mimi nikabaki na mbuzi. Nikanyamaza. Huyu hutamnyamazisha nikiwa hapa."

"Mama, lakini mimi sijasema..."

"Umesema. Nimesikia."

Nilidhani utaondoka baada ya siku chache. Ulikaa mpaka nikafanya mtihani. Kila alasiri ulimfunga Mwende mgongoni, ukaenda kukaa naye kule kwenye mifereji akina mama wanakofulia, mimi nikabaki na meza yote.

Hatukuwa marafiki kwa sababu hiyo. Ulisema ugali wangu ni wa kulishia ng'ombe. Muthokoi wako wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe ulinivimbisha tumbo. Siku moja ulinikuta nje jirani akinisuka.

"Mimi sikuacha mbuzi wangu ili wewe usukwe," ulisema mbele ya watu. Nilirudi ndani na kichwa kimesukwa nusu, nimekasirika, nikafungua kitabu kwa hasira. Wiki hiyo urari ukalingana.

Nilipita, ingawa si kwa alama za kujivunia. Nikapata ukarani kwenye stoo ya kiwanda cha magodoro. Mutua alikitazama cheti, akakirudisha mezani, akauliza chai iko wapi. Baadaye nilimsikia nje akimwambia jirani, "Mke wangu ni mhasibu, bwana." Sikumsahihisha.

Nilipanda basi nikakuletea habari. Nilikukuta shambani. Nilikusomea jina langu kwenye cheti, ukapitisha kidole juu ya muhuri.

"Vizuri," ulisema. "Kuna jembe pale. Mvua iko karibu."

Tulilima pamoja mpaka jua likatua.

Siku tuliyokuzika sikulia, na mawifi zangu waliliona hilo. Sijui kama nilikupenda, na sijajisumbua kutafuta jibu. Huwa nakukumbuka nikiwa kazini, kama mtu anavyokumbuka barabara aliyopitia. Najua tu kwamba uliitwa uje unikanye, ukaja ukakaa upande wangu, na hukuwahi kuningojea nikushukuru. Mara mbili tatu nilijaribu. Kila mara ulinikatiza, ukanituma maji.

Basi asante, mama. Leo huna namna ya kunituma popote.

Lala salama huko Kitui.

Mkaza mwanao,
Mama Mwende