Ng'ombe Aliyefichwa Katikati ya Kundi

Rhobi mjukuu wangu, marahaba. Huku Kewanja mama yako amepalilia mahindi, nami bado nagombana na kuku.

Unauliza kwa nini nilimwambia wakala wa bima kwamba nina saratani, wakati yeye mwenyewe alinishauri niandike kuwa ni mzima.

Siku ya mahari yangu, wakwe walimficha ng'ombe mgonjwa katikati ya kundi. Baba alimwona, akalirudisha kundi zima. Bima nayo ingekataliwa hivyo hivyo, mimi niko kaburini, siwezi kujibu.

Basi bima nimeikosa. Lakini jana nimemwandikisha mama yako shamba langu mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na shemeji zangu wakanuna. Waache wanune. Anayebisha aje sasa, mdomo bado ninao.

Bibi yako