Picha za Kupamba

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Harusi ya Esha imekwisha, miguu inaniwaka moto. Picha 2,318! Za nikahi msikitini alipiga kaka yangu Amin. Za kupamba, sherehe ya wanawake watupu, ni zangu peke yangu — simu za wageni zilikusanywa mlangoni, ndani ya kikapu. Shangazi Kibibi alinishika mkono: za Ikram zisionwe na mwanamume. Nikamwambia wallahi, hazitoki. Ikram bintiye hatoki nje bila nikabu. Jana alivua, akacheza chakacha mpaka jasho likamtiririka. Nimempiga nyingi. Mashallah, msichana kaumbika!

Jumanne, 7 Oktoba

Simu imejaa, haichukui hata moja zaidi. Nimezihamishia zote mtandaoni, folda moja kubwa, ndani yake ndogo ndogo. Nikahi. Kupamba, wanawake tu. Chakula. Nyingine hata sijui niziweke wapi — viatu, dari, kidole changu. Nafuta, narudisha, nafuta tena. Esha anapiga simu kila saa: picha zi wapi? Wakweze nao wanazitaka. Mnisubiri jamani, mimi si mashine!

Jumatano, 8 Oktoba

Nimetuma linki ya nikahi kwenye kundi la familia zote mbili, wanaume kwa wanawake. Afadhali.

Baada ya adhuhuri — yarabi! Sikutuma ya nikahi. Nimetuma folda kubwa, yenye zote! Nimeifunga linki, nimefuta ujumbe. Ilikaa wazi dakika arobaini. Pengine hakuna aliyefungua. Watu wako kazini. Pengine.

Alhamisi, 9 Oktoba

Zahoro, shemeji yake Esha, yule aliye Doha, kaandika kundini: picha nzuri sana, ahsanteni. Nzuri zipi? Nitamuulizaje? Nimeusoma ujumbe huo mara ishirini. Amin anasema nimwambie Shangazi mapema, kabla hajasikia kwingine. Rahisi kwake, si yeye aliyeapa! Naogopa. Nani ataniruhusu tena kupiga picha kwenye kupamba?

Jumamosi, 11 Oktoba

Shangazi Kibibi amefika kutoka Msambweni bila kupiga simu. Shikamoo yangu kaiitikia kwa bashasha, mkononi ana halua. Jana wazee wa kina Zahoro walipeleka posa. Wanamtaka Ikram! Mama akapiga vigelegele. Nami nikapiga, tena kwa sauti kuliko yeye — mjinga mimi.

Shangazi akangoja tumalize. Akasema wazee wale walimsifu sana Ikram kwa maneno ya Zahoro mwenyewe: vishimo vya mashavuni, nywele mpaka kiunoni.

"Nimefurahi, sikatai," akasema. "Lakini nywele za mwanangu, huyo Zahoro amezionea wapi?"

Nikasema naenda kutia chai. Nimo jikoni, daftari juu ya friji. Chai imeshachemka, nimezima, nimewasha tena. Mama ameniita mara mbili. Sasa namsikia Shangazi, taratibu kabisa:

"Mwache, wifi. Atakuja mwenyewe."